Jina Nililomwandikia Nyanzala

Mwanangu Rehema,

Umekwenda Cheyo kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua, hatakuachia mpaka ule mara mbili. Kwa hiyo nina saa tatu hivi za kukaa hapa barazani na karatasi zangu. Ningeweza kukusubiri nikakuambia kwa mdomo, lakini mimi na wewe tukianza kuzungumza jambo zito tunaishia kubishana kuhusu jambo jepesi. Juzi tulianza na maisha yako ya kazini, tukamaliza na sufuria.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala chandarua, wala kufunga mlango. Una miaka ishirini na sita. Michembe ya viazi na karanga nimezifunga kwenye mfuko wa kijani, na kama utazigawa zote kwa abiria wenzako kabla ya kufika Kaliua, shauri yako.

Nakuandikia kwa sababu ya boksi.

Jana nilikuwa natafuta pasi chumbani kwako, nikaona lile boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Nilidhani ni vyombo. Nikalifungua, ndiyo, mama yako ni mpekuzi, hilo si jipya. Nikakuta vile vijitabu vya mafundisho tulivyopewa kanisani siku ulipoombewa safari, na juu yake karatasi yenye mwandiko wako: "Darasa la kwanza na la pili, Jumatatu asubuhi, kabla ya somo la kwanza." Nikakumbuka maneno ya yule mzee wa kanisa siku ile, kwamba Serikali imekupa darasa lakini Mungu amekupa shamba. Watu waliitikia sana, na mimi niliitikia. Nilipofika nyumbani sikulala vizuri. Nimeyasema maneno kama hayo mimi mwenyewe, Rehema, na kuna mtu aliyelipa gharama yake.

Unajua kwamba nilikuwa mwalimu mkuu huko huko upande wa Kaliua kabla hujazaliwa. Umesikia hadithi za simba, za mvua iliyoezua ofisi, za mimi na baiskeli isiyo na breki. Hii hukuisikia kwa sababu sikuisimulia kwa mtu. Baba yako anajua nusu.

Shule yetu ilikuwa ya Serikali, madarasa manne na ofisi. Walimu tulikuwa watano, na msaidizi wangu alikuwa Mwalimu Hamisi, mtoto wa hapa mjini Tabora, wa familia ya mafundi seremala. Kila Ijumaa tulikuwa na kipindi cha dini kama ilivyo mpaka leo. Katekista alikuja kwa baiskeli, ustadhi alikuja kwa miguu, watoto wanajigawa, hawa chumba hiki, hawa chumba kile. Hakuna ubaya wowote. Nimekaa kwenye kipindi hicho nikiwa mtoto na kimenifaa.

Lakini walikuwapo watoto wa kundi la tatu. Baba zao walikuwa wakulima waliofuata mambo ya wazee wao, ya matambiko na vibanda vidogo nyuma ya nyumba, na hawakuwa wa katekista wala wa ustadhi. Ijumaa ikifika wale watoto walibaki uwanjani. Wengine walifagia, wengine walicheza bao la kuchimba ardhini. Kumi na wawili, kumi na watatu hivi. Na sisi walimu, watu wazima tuliosoma, tuliwatolea macho kama mwenye duka anavyomtazama mteja ambaye hajaamua.

Nakuambia ukweli ulivyokuwa. Ofisini tulitaniana. Mimi nikisema, "Mwalimu Hamisi, chumba chenu leo kimepwaya," yeye anajibu, "Subiri Ramadhani mwalimu, utakuja kuazima viti." Tunacheka. Kwake ulikuwa utani kweli. Kwangu haukuwa utani. Nilikuwa nahesabu. Niliweza kukuambia chumba chetu kina wangapi na chao kina wangapi, na Ijumaa tuliyowazidi nilirudi nyumbani nikiimba. Mwalimu mkuu wa shule ya Serikali, mwenye mhuri wa Serikali mezani.

Katika wale wa uwanjani alikuwapo msichana wa darasa la saba, Nyanzala binti Mihayo. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na akili za hesabu ambazo sijaziona tena. Nilimpa swali la magunia na mikokoteni, akanijibu kabla sijamaliza kulisoma, kisha akaniomba radhi kwa kunikatiza. Baba yake alikuwa mkulima wa tumbaku, si mtu wa maneno mengi. Alimleta darasa la kwanza kwa mkono wake, na kila mwaka shule ikifungua alikuja mlangoni kwangu, "Mwangaluka mwalimu," ananiamkia, ananiuliza kama mtoto anaendelea, anaondoka. Wazazi wa chumba changu wengi sikuwaona hata mara moja.

Ilipofika wakati wa kujaza fomu za mtihani wa mwisho, nilikaa nazo peke yangu ofisini mchana mmoja. Kulikuwa na sehemu ya jina na sehemu ya dini. Fomu ya Nyanzala ikaja mkononi. Kwenye dini hapakuwa na kitu cha kuandika. Nikaandika "Mkristo." Basi, kalamu ikiwa imeshaanza, nikaona jina halilingani na dini. Kwetu nyakati zile mtu akiwa Mkristo alitarajiwa awe na jina la kikristo, la Kinyamwezi likawa la nyumbani. Nikaandika "Maria Mihayo."

Sikumuuliza. Sikumwita. Alikuwa hatua kumi na tano kutoka pale, nilisikia anacheka nje.

Usinione mchawi. Nilikuwa na sababu, na zilisikika nzuri sana kichwani mwangu. Nilisema akienda sekondari ya bweni na jina lile, watoto wa mjini watamcheka. Nilisema huko atafundishwa dini, atabatizwa, na jina litakuwa tayari linamsubiri. Nilisema ninamsaidia. Hiyo ya kuhesabu sikujitajia.

Mwalimu Hamisi aliiona ile fomu wakati wa kuzipanga. Akaiweka juu ya meza, akaigonga kwa kidole.

"Mwalimu, huyu Maria ni nani?"

"Nyanzala."

"Amebatizwa lini?"

"Atabatizwa."

Akaivuta fomu karibu yake. Kisha akasema, "Babu yangu mimi alikuwa mpagazi. Aliondoka kule kwetu Unyanyembe, Tabora, na msafara anaitwa Maganga, akarudi kutoka pwani anaitwa Saidi. Lakini alikwenda kwa miguu yake, mwalimu. Jina alilichukua mwenyewe huko alikokwenda. Huyu mtoto hujamwambia hata kwamba yuko safarini."

Nikamwambia, kwa sauti ambayo bado naisikia, "Kama ningeandika Mariamu ungenyamaza."

Alinitazama. Hakukasirika, na ndiyo maana sijasahau. Alisema, "Hapana. Ningekuambia hivi hivi. Hii karatasi ni ya Serikali, si ya kwako wala ya kwangu." Akazifunga fomu kwa uzi, tukazipeleka.

Mtihani ukafanyika. Watoto walitumia namba, kwa hiyo Nyanzala hakuliona lile jina popote. Shule ikafungwa. Mwalimu Hamisi alihamishwa kwenda wilaya nyingine mwezi ule ule, na mimi nikapanda treni kuja hapa Tabora kwa sikukuu, maana nilikuwa kwenye kwaya na tulikuwa na nyimbo mpya. Nilipaswa kubaki mpaka majina ya waliochaguliwa yatoke. Kila mwalimu mkuu anajua hivyo. Nikasema majina yatabandikwa ofisi ya kata, wazazi wana macho, watayaona.

Yakabandikwa. Orodha moja, shule zote za kata zimechanganywa. Mzee Mihayo alimchukua mwanawe mkubwa aliyejua kusoma, wakatembea kwenye matope mpaka ofisi ya kata, kijana akasoma kutoka juu mpaka chini, akarudia kutoka chini mpaka juu. Nyanzala hakuwapo. Maria Mihayo alikuwapo, lakini kina Mihayo kule ni wengi, na kulikuwa na Mihayo mwingine, Mkatoliki, kijiji cha pili. Wakasema bila shaka ni binti yake yule. Mzee Mihayo akamwambia kijana wampongeze mwenzao wakimwona. Wakarudi nyumbani.

Nyanzala akaambiwa hakuchaguliwa. Msimu wa tumbaku ulikuwa umeanza, na dada yake Mzee Mihayo alikuwa na shamba ndani kabisa, upande wa reli ya Mpanda, siku mbili kwa miguu kutoka stesheni yoyote. Akaondoka naye kumsaidia. Wakati huo mimi nilikuwa kanisani hapa mjini naimba sauti ya pili.

Niliporudi Januari, nikapita ofisi ya kata kuchukua orodha. Nikaona Maria wangu kachaguliwa sekondari ya wasichana. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi peke yangu njiani. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Mihayo, nimefika nacheka, natoa habari njema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe, na aliendelea kuchonga kidogo baada ya mimi kunyamaza.

Akasema, "Mwalimu, mimi nilikuletea Nyanzala. Huyo Maria simjui."

Nikaanza kueleza. Nilieleza sana, Rehema. Fomu, nafasi ya dini, watoto wa mjini, bweni. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mdogo. Hakunipigia kelele. Aliuliza jambo moja tu: "Serikali ndiyo ilisema tubadilishe jina?" Nikasema hapana. Akauliza, "Sasa nani alisema?" Alimwita mkewe aniletee maji, nikanywa, nikaondoka.

Kijana alitumwa kumfuata Nyanzala. Mvua ilikuwa kubwa, mto umejaa, akarudia njiani. Nilikwenda mwenyewe ile sekondari, nikamwona mkuu wa shule, akanitaka nimlete Maria na karatasi inayoonyesha kwamba Maria na Nyanzala ni mtu mmoja. Karatasi sikuwa nayo, Maria sikuwa naye. Alipofika Nyanzala nyumbani tumbaku ilikuwa imekwisha kukaushwa, na nafasi yake alikuwa amepewa mtoto mwingine muda mrefu.

Sasa sikia sehemu ambayo baba yako haijui. Wilayani waliniandikia nitoe maelezo. Niliandika kwa mkono huu kwamba palitokea "makosa ya kiuandishi." Maneno hayo matatu tu. Wakayakubali, faili likafungwa, na miaka miwili baadaye nikapandishwa cheo na kuhamishiwa mjini. Nyumba hii ya Ipuli uliyokulia tuliijenga baada ya cheo kile. Hayakuwa makosa ya kiuandishi. Mwandiko ulikuwa safi kabisa. Nilichukua kalamu ya watu wote nikaitumia kwa kanisa langu, kisha nikaliita kosa la mkono.

Nimejiuliza miaka mingi nilitaka nini hasa. Nampenda Mungu, unajua, na sitaacha kwaya mpaka sauti initoke. Lakini Mungu hakunituma pale mezani. Nilijituma. Angenituma, ningekuwa na ujasiri wa kutoka nje hatua kumi na tano nikamuuliza mtoto. Nilichagua karatasi kwa sababu karatasi haikatai. Mtoto wa darasa la kwanza naye hakatai, Rehema. Ukisimama mbele yake na chaki mkononi ukampa kijitabu, atakipokea kwa mikono miwili na kupiga goti, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kupokea kitu kwa mwalimu. Usije ukadhani ameamini. Na baba yake aliyemleta hapo, awe wa msikitini, awe wa kanisa lingine, awe kama Mzee Mihayo, alimleta kwa sababu mlangoni pameandikwa shule ya Serikali, akaamini kwamba ndani hakuna mtu anayemvizia mtoto wake.

Kosa la kwanza ni fomu, la pili ni yale maelezo ya wilayani, na nitamaliza na la tatu.

Unakumbuka mwaka ule nilipokwenda Mpanda msibani? Treni ilisimama Kaliua kama kawaida yake, ile ya kusimama mpaka watu wanashuka kuoga. Akina mama wakaja madirishani na kuku, mchele, na asali kwenye chupa. Mmoja mrefu akasimama chini ya dirisha langu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hujambo mama? Wewe ni wa nani vile?"

"Wa Mihayo." Akatabasamu. "Mimi ndiye Maria wako."

Alilisema bila sumu, kama mtu anayetaja lakabu ya shuleni. Nilitaka benchi linimeze. Nikamuuliza habari za baba yake, akasema mzee alifariki. Nikauliza watoto, akasema anao watatu, na mdogo kabisa bado ananyonya. Nikauliza, na sijui nilipata wapi uso wa kuuliza, kama hao wakubwa wanasoma.

"Wanasoma. Nilikwenda kuwaandikisha mwenyewe. Mwalimu aliniambia mama nenda kasubiri nje, nikamwambia nasubiri hapa hapa. Nikasimama pale mezani mpaka alipomaliza kuandika, ndipo nikaondoka."

Treni ikapiga honi. Nikanunua chupa mbili za asali. Rehema, nilikuwa na neno moja la kumwambia, nilikuwa nimelibeba miaka yote hiyo, na nilichosema ni "haya mwanangu, Mungu akubariki." Akapunga mkono. Asali ile mliila nyinyi na mkaisifu. Mimi sikuionja, na ulinitania kwamba nimeanza kuogopa sukari.

Alinitajia kijiji anachoishi. Mwezi uliopita ulipoingia hapa unapiga vigelegele na barua ya ajira, nikalisoma jina la shule, nikakaa chini. Ulidhani ni furaha. Ilikuwa furaha pia. Lakini ni kijiji hicho hicho, na yule aliyekuwa ananyonya kwa hesabu yangu anatimiza umri wa darasa la kwanza, na uandikishaji unaanza wiki mbili baada ya wewe kuripoti. Mwalimu mgeni ndiye anayewekwa kwenye meza ya uandikishaji. Ndivyo tulivyowafanyia wageni siku zote.

Boksi sikuligusa zaidi. Ni lako na sitaki kulificha, wewe si mtoto. Kaliua kuna kanisa, Jumapili wapelekee vijitabu, watoto watakaokuja pale na wazazi wao wagawie, uwafundishe kuimba kama nilivyokufundisha. Jumatatu uingie darasani na chaki. Ukiona nimekosea, utanibishia kwa barua. Nitakujibu hoja kwa hoja, si unanijua.

Usimwombe Nyanzala radhi kwa niaba yangu. Nimeshazungumza na baba yako, nitapanda treni mwisho wa mwezi nije kuiomba mwenyewe, na safari hii sitaongelea dirishani. Usimwambie hata kwamba wewe ni mwanangu mpaka nifike. Mwache akutazame kama mwalimu tu, akupime.

Na siku ile ya uandikishaji, kwenye foleni atakuwapo mama mmoja mrefu, amemshika mtoto mkono. Muulize jina la mtoto, uandike hilo atakalokutajia. Ukifika kwenye dini, muulize. Akikujibu andika, akinyamaza ruka mstari. Ukimaliza utamwona haondoki. Usimwambie akasubiri nje. Ligeuze daftari upande wake, umwekee kidole pale ulipoandika, umwache asome.

Mimi mama yako, niliyekupenda tangu kabla hujawa na jina.